Mchakato Usioufahamu: Uliza Ni Nani Aliyeuamsha

Watu wengi wanaoniita kuangalia kompyuta zao hapa Kisumu huwa tayari wamekwisha kumtaja mshukiwa. Wamefungua Task Manager, dirisha la Windows linaloorodhesha programu zinazoendelea, wakaona jina wasilolifahamu likila diski au prosesa, wakalipiga picha kwa simu, na swali lao ni moja tu: je, hiki ni kirusi? Ni swali la haki, nami hulichukulia kwa uzito, kwa sababu katika kompyuta hizo hizo watu huingia kwenye akaunti za eCitizen za huduma za serikali, hujaza ritani za kodi za iTax na kuhifadhi nakala za vyeti na vitambulisho. Hata hivyo, swali hilo likijibiwa kwa kutazama jina peke yake, mara nyingi hujibiwa vibaya. Jina la mchakato, yaani programu inapokuwa inaendeshwa, huchaguliwa na yule aliyeiandika programu, na mwenye nia mbaya huchagua jina zuri. Yanayostahili kuulizwa ni faili yake imekaa wapi, imetiwa sahihi na nani, imeamriwa kufanya nini, na zaidi ya yote, ni nani aliyeuamsha mchakato huo.

Nitaeleza jambo hili kwa kisa cha kompyuta moja, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na michakato miwili iliyohitaji kuchunguzwa, mmoja wenye kelele na mwingine mkimya, na tofauti kati ya hiyo miwili ndiyo iliyonifanya niandike.

Kompyuta yenyewe iko katika duka la kuchapisha na kutoa nakala upande wa Kondele, duka ambalo asubuhi hujaa wanafunzi wenye flashi na mchana hujaa watu wazima wanaotaka kujaziwa fomu za serikali. Ni kompyuta ya mezani, ya mtumba, yenye Windows 10 na diski ya zamani ile inayozunguka. Mama mwenye duka alikuwa ameona kwamba kila anapoiacha kidogo kwenda kula, taa ya diski huwaka mfululizo, na akirudi huikuta imekuwa nzito hata kufungua hati moja ni kazi. Alikuwa amelinakili jina lililokuwa juu ya orodha, nalo ni CompatTelRunner.exe.

“Fundi, hii kitu hungoja nitoke ndipo ianze,” aliniambia. “Kama ingekuwa na nia njema ingefanya kazi nikiwa hapa.”

“Pole, mama. Tusiizime kwanza,” nilimjibu. “Tukiizima sasa, hatutajua imetumwa na nani.”

Hilo la kutozima haraka ninalisisitiza kwa kila mtu. Mchakato ulio hai una habari nyingi ambazo hupotea mara unapouzima: amri kamili iliyouanzisha, saa ulipoanza, mchakato mzazi, faili ulizozifungua na anwani za mtandaoni unazozungumza nazo. Tena, ikiwa kuna kitu kinachouamsha kila siku, basi kuuzima leo ni kuupa likizo ya saa chache tu. Kwa hiyo kwanza tunaandika kila tunachokiona, au tunakipiga picha, kisha ndipo tunaamua.

Kazi huanza kwa mahali. Katika Task Manager kuna kichupo cha Details ambacho watu wengi hawakifungui, na ukibofya kwa kitufe cha kulia juu ya vichwa vya safu zake unaweza kuongeza safu mbili zenye manufaa makubwa, Image path name inayoonyesha faili ilipo, na Command line inayoonyesha amri nzima. CompatTelRunner.exe ilikuwa ndani ya C:\Windows\System32, mahali ambapo programu za Windows zenyewe hukaa na ambapo mtumiaji wa kawaida hawezi kuandika bila idhini ya msimamizi. Niseme hapa, kwa sababu huwatia watu wasiwasi bure, kwamba katika Windows ya biti 64 folda ya System32 ndiyo yenye programu za biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye zile za biti 32. Majina yamekaa kinyume cha matarajio kwa sababu za kihistoria, na mchakato halali unaweza kutoka katika folda yoyote kati ya hizo mbili. Kinachopaswa kukushtua ni jina la programu ya mfumo linalotoka kwingine, kwa mfano svchost.exe iliyokaa ndani ya AppData au Temp, au jina lililopindwa herufi moja kama scvhost.exe.

Baada ya mahali hufuata sahihi. Kampuni zinazotengeneza programu huzitia sahihi ya kidijitali, na Windows inaweza kuthibitisha kwamba faili haijabadilishwa tangu ilipotiwa sahihi hiyo. Chombo ninachokitumia ni Process Explorer, mojawapo ya zana za Sysinternals zilizoanzishwa mwaka 1996 na Mark Russinovich na Bryce Cogswell, kisha kampuni yao ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2006. Hupatikana bure katika tovuti ya Microsoft, ni faili ndogo, na haihitaji kusakinishwa, jambo linalofaa mno unapolipia bando. Ukiwasha uthibitishaji wa sahihi katika menyu yake ya Options, hukuonyesha safu ya mtia sahihi kwa kila mchakato. Sahihi ya CompatTelRunner.exe ilikuwa ya Microsoft na ilithibitika.

Wapo wanaokomea hapo, wakiona sahihi ya kweli wanafunga kesi. Mimi sikomei hapo. Mwaka 2010 ilipogunduliwa Stuxnet, ile programu iliyolenga mitambo ya nyuklia ya Iran, sehemu zake zilikuwa zimetiwa sahihi kwa vyeti halali vilivyoibwa kutoka kwa kampuni za Realtek na JMicron. Huo ni mfano mkubwa na wa nadra. Mfano mdogo na wa kila siku, ule unaotuhusu sisi wenye maduka na ofisi, nitaufikia punde, na humo hakuna cheti chochote kilichoibwa.

Swali linalotoa jibu zaidi ya mengine yote ni la mzazi. Kila mchakato katika Windows huanzishwa na mchakato mwingine, na Process Explorer huichora michakato kama mti wa ukoo, watoto wakiwa chini ya wazazi wao. Mzazi wa CompatTelRunner.exe alikuwa svchost.exe, na amri ya huyo mzazi ilimalizika kwa neno Schedule. Hapo fumbo lilikwisha kufumbuka, kwa kuwa hiyo ndiyo huduma ya Windows inayoendesha kazi zilizopangiwa ratiba. Nilifungua Task Scheduler, nikashuka kwenye folda za Microsoft, Windows, kisha Application Experience, na kazi yenyewe ilikuwa pale kwa jina la Microsoft Compatibility Appraiser. Kazi yake ni kuchunguza programu na vifaa vilivyomo katika kompyuta ili Microsoft ijue kama mashine hiyo inaweza kupokea toleo jipya la Windows bila matatizo. Kwenye diski inayozunguka uchunguzi huo husikika na kuonekana.

Basi kwa nini ingoje mama aende kula? Windows ina desturi ya kufanya matengenezo yake yenyewe, kama vile kupanga diski na kusaka virusi, wakati hakuna mtu anayeitumia. Saa iliyowekwa tangu kiwandani katika Windows 10 ni saa nane usiku, na kazi zilizokosa saa yake kwa kuwa kompyuta ilikuwa imezimwa husubiri mpaka iwashwe na iachwe bila kuguswa kwa muda. Mwenyewe akirudi, mengi ya matengenezo hayo husimama ili kumpisha. Sasa fikiria duka la hapa kwetu ambalo jioni hufungwa na swichi ya ukutani kuzimwa, ama kwa kuogopa stima inayopotea na kurudi kwa kishindo au kwa kubana matumizi ya tokeni. Kompyuta ya duka hilo haijawahi kuona saa nane ya usiku ikiwa macho. Kazi zote za usiku hurundikana mchana, na nafasi ya kwanza zinayoipata ni saa ya chakula. Tabia ile ile iliyomfanya mama aone wizi ndiyo tabia iliyokusudiwa na waliotengeneza mfumo.

Nilimshauri aiache kompyuta ikiwa imewaka kwa muda kabla ya kufunga duka, siku ambazo stima ni tulivu, ili kazi hizo zipate kumalizika. Tena niliiwekea alama ya kulipiwa kwa kipimo ile mitandao ya simu anayoitumia, kwa kuwa Windows ikijua kwamba mtandao unalipiwa kwa kipimo hupunguza sana kupakua masasisho bila kuulizwa. Sikuizima kazi yenyewe. Kuna wanaoizima na kompyuta zao zikaendelea vizuri, nami sibishani nao, ila si kawaida yangu kuzima kitu ambacho nimekwisha kujua kinatoka wapi na kinafanya nini.

Kabla sijafika kwenye mchakato wa pili, lazima niseme neno juu ya svchost.exe, kwa maana ndiyo inayoulizwa kuliko zote. Mtu hufungua orodha akaikuta imejirudia mara nyingi na kudhani kompyuta imejaa nakala za kirusi. Svchost ni mwenyeji wa huduma. Huduma nyingi za Windows zimeandikwa kama faili za DLL ambazo haziwezi kujiendesha, zikahitaji programu ya kuzibeba. Zamani huduma kadhaa zilibebwa pamoja ndani ya svchost moja. Kuanzia toleo la Windows 10 la mwaka 2017 linalojulikana kama 1703, kompyuta yenye kumbukumbu inayozidi gigabaiti 3.5 huipa karibu kila huduma svchost yake, ili moja ikianguka isiziangushe nyingine. Ndiyo sababu ya wingi huo. Ukitaka kujua ipi inabeba nini, fungua dirisha la amri na uandike tasklist /svc, nawe utapewa orodha ya huduma mbele ya kila namba ya mchakato. Svchost halali huzaliwa na services.exe, na amri yake huwa na alama ya -k ikifuatwa na jina la kundi la huduma. Svchost isiyo na sifa hizo inastahili kuchunguzwa siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye mchakato mkimya. Nina desturi ya kuupitia mti wote, tawi baada ya tawi, hata baada ya kupata jibu la kilichoniita. Chini kabisa, miongoni mwa michakato iliyoanzishwa na explorer.exe, ile programu ya Windows inayoonyesha folda na eneo-kazi, palikuwa na wscript.exe. Haikuwa ikitumia prosesa kwa kiwango cha kuonekana. Kumbukumbu iliyoichukua ilikuwa ndogo. Faili yake ilikuwa ndani ya System32, mahali pake halisi, na sahihi yake ilikuwa ya Microsoft, ya kweli kabisa. Katika kichupo cha Startup cha Task Manager ilijitambulisha kwa jina refu la heshima, Microsoft Windows Based Script Host, na mchapishaji wake akaandikwa Microsoft Corporation. Mtu anayepima kwa jina, mahali na sahihi angeipita bila kugeuka.

Lakini wscript.exe haina kazi yake binafsi. Ni mwendeshaji wa skripti, anayesoma maagizo yaliyoandikwa katika faili nyingine na kuyatekeleza, na imekuwa sehemu ya Windows tangu Windows 98. Kwa hiyo kuambiwa kwamba wscript.exe ni halali hakukuelezi lolote juu ya skripti iliyopewa. Jibu lilikuwa katika safu ya Command line. Amri ilikuwa na alama ya //B, ambayo humwambia mwendeshaji asionyeshe ujumbe wowote wa kosa kwenye skrini, kisha ikafuata njia ya faili ya .vbs, yaani skripti ya lugha ya VBScript, iliyokuwa ndani ya AppData\Roaming ya mtumiaji, yenye jina la herufi zisizo na maana. Folda ya AppData ni mali ya mtumiaji, na programu yoyote anayoiendesha inaweza kuandika humo bila kuomba idhini ya msimamizi. Saa ya kuanza kwa mchakato huo ilifuata kwa karibu sana saa mama alipoingia katika akaunti yake asubuhi hiyo.

Nilimuuliza swali moja. “Mama, wateja hawajalalamika kwamba flashi zao zimegeuka?”

“Hulalamika kila siku, fundi. Wanasema faili zimekuwa njia za mkato, nami nawaambia wamezitoa huko shuleni hivyo hivyo.”

Hapo nilijua tunashughulika na nini. Ni jamaa wa virusi vya skripti vilivyojulikana tangu mwaka 2013 kwa majina kama H-worm na Jenxcus, na ambavyo viliifanya Microsoft iende mahakamani nchini Marekani mwezi Juni 2014 ili kuzikata anwani za mtandaoni vilizozitumia kupokea amri. Vimezeeka, lakini katika maduka ya kuchapisha, maabara za shule na ofisi zinazobadilishana flashi vinaishi bado, kwa sababu havitegemei mtandao ili kusafiri.

Mbinu yake inafaa kueleweka. Zamani virusi vya flashi vilitumia faili ya autorun.inf, na Windows iliviendesha vyenyewe mara flashi ilipochomekwa. Windows 7 iliacha tabia hiyo, na mwezi Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho lililoiondoa hata katika Windows XP na Vista. Waandishi wa virusi wakahitaji njia nyingine ya kumfanya mtu mwenyewe abofye. Skripti hii hukaa ikichungulia, na flashi inapochomekwa hujinakili ndani yake, huzificha faili na folda zilizomo, kisha huweka njia ya mkato yenye jina na sura ya kila faili iliyofichwa. Mwanafunzi akibofya “Insha ya Kiswahili”, njia ya mkato hufanya mambo mawili, huiendesha skripti na kuifungua insha. Kwa kuwa insha inafunguka, hana sababu ya kushuku. Tena kiishio cha .lnk hakionyeshwi na Windows hata ukiamuru viishio vyote vionyeshwe, hivyo dalili pekee kwa macho ni kile kishale kidogo pembeni mwa picha.

Ikishakaa katika kompyuta, huwasiliana na seva ya bwana wake kwa vipindi vifupi, ikijitambulisha na kuuliza kama kuna amri mpya. Amri hiyo yaweza kuwa ya kupakua programu nyingine yoyote. Hili ndilo linalonihuzunisha zaidi ya faili zilizofichwa, kwa maana katika duka kama lile mzee aliyetoka Seme au Nyakach hukaa kando ya kompyuta akimtajia mhudumu neno lake la siri, akiamini kwamba linaishia pale mezani.

Kuhusu kuondoa, mpangilio wa hatua ni muhimu. Skripti ya aina hii, inapokuwa hai, hurudia kujiandika katika rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, na katika folda ya Startup tena na tena, kwa hiyo ukifuta faili zake huku inaendelea utazikuta zimerudi. Kwanza tulipiga picha amri yote. Kisha tuliukata mtandao. Kisha nikauzima mchakato wa wscript.exe. Ndipo nikatumia Autoruns, ndugu yake Process Explorer, inayokusanya mahali pote ambapo Windows hupewa orodha ya vitu vya kuamshwa, ikiwamo sehemu za Run katika rejista, folda ya Startup, kazi za ratiba na huduma. Skripti ilikuwa imejiandikisha katika sehemu ya Run ya mtumiaji, na nakala yake ya pili ilikuwa katika folda ya Startup. Niliziondoa zote mbili, pamoja na faili iliyokuwa AppData. Kabla ya kuifuta niliifungua kwa Notepad, kwa kuianzisha Notepad kwanza na kuichagua faili kutoka ndani yake, kwa kuwa kuibofya moja kwa moja kungeiamsha upya. Ilikuwa mistari mirefu ya herufi na tarakimu zilizochanganywa kwa makusudi, na mtu aliyeandika programu halali ya duka hana sababu ya kuyaficha maneno yake namna hiyo.

Wateja wengi walidhani kazi zao zimepotea, ilhali zilikuwapo. Skripti huzipa faili alama mbili, ya kufichwa na ya mfumo, na ndiyo maana kuwasha chaguo la kuonyesha faili zilizofichwa hakutoshi, kwani faili za mfumo zina chaguo lake tofauti. Flashi ikiwa imepewa herufi E, amri ya attrib -s -h /s /d E:\* huziondoa alama hizo katika faili na folda zote, kisha njia za mkato na skripti iliyobaki hufutwa kwa mkono. Wanafunzi wawili wa Maseno waliokuwa wakingoja kuchapisha walisimama nyuma yangu mpaka folda zao zikajitokeza, na furaha yao ilikuwa malipo mema.

Kuna michakato migumu kuliko huu, ile inayotokea kwa sekunde chache na kutoweka kabla hujaisoma. Baadhi ya programu zinazochimba sarafu za kidijitali kwa wizi husimama pindi Task Manager inapofunguliwa, na matengenezo halali ya Windows nayo husimama unapogusa kipanya, hivyo kwa macho pekee huwezi kuyatofautisha mambo hayo mawili. Dawa yake ni kumbukumbu za maandishi. Windows inaweza kuandika tukio lenye namba 4688 kila mchakato unapozaliwa, ukiiamuru hivyo kwa auditpol /set /subcategory:"Process Creation" /success:enable katika dirisha la amri la msimamizi. Tukio hilo hutaja mchakato mpya na mzazi wake, na kwa mpangilio wa ziada hutaja hata amri kamili. Unaliacha liandike siku nzima, kisha jioni unafungua Event Viewer na kusoma sehemu ya Security kwa utulivu. Angalizo moja ni kwamba amri nyingine hubeba maneno ya siri ndani yake, nayo yataandikwa pamoja na mengine, kwa hiyo uzime uandishi huo ukimaliza. Tukio jingine ninaloliangalia daima ni 7045 katika sehemu ya System, linaloandikwa huduma mpya inaposakinishwa. Ukiona huduma iliyosakinishwa saa ambayo hakuna mtu aliyekuwa akisakinisha chochote, umepata pa kuanzia.

Mzazi naye ana mipaka yake kama shahidi. Katika Windows mzazi akifa, mtoto hubaki na namba ya mzazi aliyekufa, na namba hiyo yaweza baadaye kupewa mchakato mwingine kabisa, kwa hiyo linganisha saa za kuanza kabla ya kumlaumu mtu. Mzazi wa kweli hawezi kuwa mdogo kuliko mwanawe.

Wanaotumia Linux, na wapo wengi miongoni mwa vijana wanaosomea kompyuta hapa magharibi, wana kazi nyepesi kidogo. Mchakato wenye namba fulani huonyesha faili yake halisi katika /proc, chini ya namba hiyo, kwenye kiungo kiitwacho exe, na amri yake katika cmdline. Kwenye mifumo inayotumia systemd, msimamizi wa huduma za Linux, kuandika systemctl status na namba ya mchakato hukutajia huduma inayoumiliki, na dpkg -S hukuambia kama faili ilitoka katika kifurushi cha Debian au Ubuntu. Majina yaliyo ndani ya mabano ya mraba, kama vile ya kworker, ni nyuzi, yaani kazi za ndani, za kerneli yenyewe, kiini cha mfumo, na mzazi wao ni kthreadd mwenye namba 2. Mtego unaojulikana ni kdevtmpfsi, mchimbaji wa sarafu aliyejipachika herufi moja mwishoni mwa jina la uzi halali wa kdevtmpfs. Uzi wa kweli hauna faili kwenye diski. Mchimbaji anayo, na mara nyingi huwa katika /tmp.

Nirudi Kondele kumalizia kazi iliyobaki. Nilimwomba mama abadilishe maneno yake yote ya siri kutoka katika simu yake, si kutoka katika kompyuta ile, na awaambie wateja aliowajazia fomu wafanye vivyo hivyo. Sikuona dalili kwamba kuna kilichochukuliwa, lakini skripti iliyokuwa ikipokea amri kutoka nje ilikuwa na uwezo huo, na mwenye duka anayetunza nakala za vitambulisho vya watu ana wajibu kwao. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba zimefikiwa na asiyeruhusiwa, ikiwa kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru wenyewe. Wenye maduka wengi niliozungumza nao hawajawahi kuambiwa kwamba wajibu huo unaweza kuwahusu hata wao.

Jambo la mwisho nililolifanya lilikuwa kuizima Windows Script Host, ule uendeshaji wa skripti unaotumiwa na wscript.exe, katika kompyuta hiyo, kwa kuwa duka halina skripti yoyote ya kwake. Hufanywa katika rejista, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Microsoft\Windows Script Host\Settings, kwa kuweka thamani ya DWORD iitwayo Enabled yenye 0. Ofisi zenye programu za zamani za uhasibu zinapaswa kuulizia kwanza, kwa kuwa baadhi yake hutegemea skripti hizo. Microsoft yenyewe ilitangaza mwezi Oktoba 2023 kwamba lugha ya VBScript itaondolewa katika Windows hatua kwa hatua, lakini kompyuta za mtumba zilizoko madukani kwetu zitaendelea kuwa nayo kwa miaka mingi. Sasa flashi yenye ugonjwa ule ikichomekwa pale dukani na mtu akabofya njia ya mkato, skripti haianzi, bali hutokea ujumbe unaosema kwamba Windows Script Host imezimwa katika mashine hiyo. Mama ameufahamu ujumbe huo. Akiuona, humwambia mteja angoje kidogo, huandika amri ya attrib aliyoinakili katika daftari lake la mauzo, na kumrudishia faili zake kabla hajamchapishia ukurasa wa kwanza.